HomeBank, GnuCash au lahajedwali: ipi ya kufuatilia matumizi ya nyumbani bila kulipia?

Swali: "Mimi na mwenzangu tunaendesha nyumba kwa mishahara miwili. Tuna akaunti mbili za benki, kadi moja ya mkopo, mkopo tunaoulipa kila mwezi, na pesa taslimu ambazo hazikai. Mwezi ukiisha hatujui fedha zimekwenda wapi. Nimeshajaribu programu mbili za simu, zote nikaziacha ndani ya wiki chache. Sasa nataka programu ya bure ya kompyuta, isiyopeleka taarifa zetu kokote. Nimesoma kuhusu GnuCash na HomeBank, na wengine wananiambia lahajedwali (spreadsheet) inatosha. Nichague ipi, na nianzeje nisije nikaishia njiani tena?"

Jibu: Anza na HomeBank. Maelezo yanayofuata ni sababu zake, na zaidi ni namna ya kuianza, maana programu za aina hii huachwa zaidi kwa makosa ya wiki mbili za mwanzo kuliko kwa ubovu wake.

Unachotaka kujua ni kitu kimoja: fedha zimekwenda wapi. HomeBank imetengenezwa kwa swali hilo. Kila muamala una tarehe, akaunti, jina la aliyelipwa, fungu la matumizi na kiasi. Ukishaingiza miamala ya mwezi unafungua ripoti na kuona kila fungu limekula kiasi gani. Hakuna debiti wala krediti za kujifunza. Si programu ya jana pia: ilianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Amiga, na leo inatumika kwenye Linux na Windows, na kwenye macOS kwa njia ya MacPorts (zana ya kusakinisha programu kwenye Mac). Data yako yote inakaa kwenye faili moja lenye kiishio .xhb katika kompyuta yako mwenyewe. Hakuna akaunti ya kufungua mtandaoni wala barua pepe ya kutoa.

GnuCash, ambayo ipo tangu miaka ya 1990, ni daftari kamili la uhasibu. Inafuata mfumo wa maingizo mawili, ule ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494: kila kiasi kinachotoka mahali lazima kionekane kimeingia mahali pengine. Kwa hiyo katika GnuCash "Umeme" si lebo ya kubandika kwenye muamala. Ni akaunti, sawa na akaunti yako ya benki. Fedha zinatoka benki, zinaingia Umeme. Faida yake ni kubwa. Pande mbili zisipolingana, programu hainyamazi: tofauti inatupwa kwenye akaunti iitwayo Imbalance, nawe unaiona. Mali, madeni na matumizi yote yanakaa katika hesabu moja, na unaweza kujua thamani halisi ya kaya siku yoyote kwa kutoa madeni kwenye mali. Lakini inakudai ujifunze. Asiyewahi kugusa uhasibu atahitaji jioni mbili tatu kabla ya kuelewa kwa nini akaunti ya mapato inaonyesha tarakimu kwa upande asioutarajia, na jioni hizo ndizo zinazowashinda wengi. Wewe umeshaacha programu mbili. Ya tatu isiwe yenye mlima wa kupanda siku ya kwanza.

Kuhusu neno "bure", kuna mambo mawili yasiyofanana. Iko huduma ya bure, na iko programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Mint ilizinduliwa Marekani mwaka 2007 ikiwa huduma ya bure ya mtandaoni, ikanunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2009, ikawa na mamilioni ya watumiaji, kisha ikafungwa Machi 2024. Waliokuwa na kumbukumbu za miaka zaidi ya kumi humo walilazimika kupakua walichoweza na kuhama. Microsoft Money nayo ilisimamishwa mwaka 2009, lakini kwa kuwa ilikuwa inakaa kwenye kompyuta za watu, Microsoft ilitoa toleo la mwisho la bure lisilohitaji kuamilishwa mtandaoni, na watu wakaendelea nayo miaka mingi baadaye. Tofauti ya visa hivyo viwili ni mahali data ilipokuwa. HomeBank na GnuCash zote ni programu huria chini ya leseni ya GPL: hata watengenezaji wakiacha kesho, nakala uliyonayo itaendelea kufanya kazi na faili lako litaendelea kufunguka. Tena yote mawili yanahifadhi data kwa XML, yaani maandishi ambayo programu nyingine inaweza kuyasoma.

Programu za simu za bure zina mtego wake. Kabla ya kuingiza chochote cha maana kwenye programu yoyote, ya simu au ya kompyuta, fanya jaribio la dakika kumi: ingiza miamala kumi ya kubuni, ikiwamo uhamisho mmoja kati ya akaunti zako na muamala mmoja uliogawanywa mafungu mawili, kisha itoe kwa CSV (faili la maandishi matupu) na uifungue kwenye lahajedwali. Tarehe, akaunti, kiasi na fungu vikiwa vyote vipo, endelea. Ukikuta kutoa data kunalipiwa, au safu ya akaunti haipo, futa programu hiyo. Na programu ya simu ikiomba ruhusa ya kusoma meseji zako ili "itambue miamala yenyewe", kumbuka kuwa namba za siri za mara moja za benki hupita humo humo. Inayoomba nenosiri la benki yako usiijadili hata kidogo.

Sasa lahajedwali. Waliokwambia inatosha hawakukosea, ila kuna sharti: ujue kuipanga. LibreOffice Calc ni ya bure na inafaa. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kutengeneza ukurasa mmoja kwa kila mwezi, mafungu yakiwa safu, kisha kujumlisha chini. Mwezi wa nne unataka kujua umetumia kiasi gani kwa usafiri tangu mwaka uanze, na inakubidi uunganishe kurasa nne zisizofanana. Lahajedwali nzuri ya matumizi ina ukurasa mmoja wa miamala usio na mwisho, mstari mmoja kwa kila muamala, safu tano: tarehe, akaunti, maelezo, fungu, kiasi. Matumizi yawe hasi, mapato yawe chanya. Muhtasari unakaa ukurasa mwingine, unaotengenezwa kwa fomula ya SUMIFS, inayojumlisha kwa masharti, au kwa jedwali egemeo (pivot table). Ukiipanga hivyo itakusaidia, na siku ukihamia programu nyingine, safu hizo tano zinahama nawe bila taabu.

Udhaifu wake unaonekana baadaye. Mtu akifuta seli moja ya mwezi uliopita kwa bahati mbaya, hakuna kinachopiga kelele. Uhamisho kutoka akaunti moja hadi nyingine unahitaji mistari miwili, na ukisahau mmoja salio linapotoka. Haina namna iliyo tayari ya kuweka alama kwamba miamala hii imeshalinganishwa na taarifa ya benki na isiguswe tena. Mambo hayo ndiyo HomeBank inakufanyia, na ndiyo sababu siipendekezi lahajedwali kwa nyumba yenye akaunti nne au zaidi. Kwa mtu mmoja mwenye akaunti moja, itamfaa kabisa.

Programu nyingine nitazipitia haraka. Money Manager Ex inakaribiana na HomeBank kwa urahisi, inatumia hifadhidata ya SQLite, ina toleo la Android, na inaweza kulifunga faili kwa nenosiri. Ikiwa HomeBank haikukupendeza kwa sura, jaribu hii. KMyMoney iko kati ya HomeBank na GnuCash. Actual Budget, iliyofanywa huria mwaka 2022, inafuata bajeti ya bahasha: fedha zilizopo mkononi zinagawanywa kwenye mafungu kabla hazijatumika. Inafaa hasa pale watu wawili wanapotaka kuingiza miamala kila mmoja kwa simu yake, lakini ili isawazishe vifaa viwili lazima kuwe na seva (kompyuta ya kuhifadhi data inayofikiwa kwa mtandao), yako au ya kukodi. Firefly III ni nzuri sana kwa mtu anayefurahia kuendesha seva, na ni mzigo kwa asiyefurahia. Ledger, hledger na Beancount ni za wanaopenda kuandika hesabu kama maandishi matupu na kuamuru kompyuta kwa kibodi; kama hukuwahi kuzisikia, hazikuhusu kwa sasa.

Tuje kwenye kuanza. Pakua HomeBank kutoka tovuti ya mradi wenyewe, gethomebank.org, au kwenye hazina ya programu ya Linux yako, si kwenye tovuti za kukusanya programu ambazo hubandika mambo mengine kwenye kisakinishi.

Chagua tarehe ya kuanzia, na iwe ya kwanza ya mwezi huu. Usijaribu kuingiza mwaka uliopita. Watu hutumia wikiendi mbili kuchimba taarifa za zamani, wanachoka kabla hawajafika leo, na kazi inafia hapo. Fungua akaunti tano: benki ya kwanza, benki ya pili, kadi ya mkopo, mkopo, na Pochi kwa ajili ya pesa taslimu. Kila moja iwekee salio la kuanzia kama lilivyokuwa asubuhi ya tarehe hiyo. Kadi na mkopo ni madeni, kwa hiyo masalio yao ya kuanzia yawe hasi. Ukisahau alama ya kutoa hapo, programu itakuonyesha tajiri kwa mara mbili ya deni lako.

Mafungu yasizidi kumi na tano. Programu nyingi huja na orodha ndefu iliyotayarishwa; ifute sehemu kubwa. Kipimo cha fungu zuri ni kama kuna uamuzi unaoweza kuufanya juu yake. "Chakula cha nyumbani" na "Kula nje" yatenganishe, kwa sababu unaweza kupunguza la pili bila kugusa la kwanza. "Sabuni" na "Dawa ya meno" yaunganishe, kwa sababu hakuna atakayekaa kikao kuyajadili. HomeBank inaruhusu ngazi moja ya mafungu madogo chini ya fungu kubwa, nayo inatosha. Weka fungu moja liitwalo Haijulikani na usilionee haya. Likipita sehemu moja ya kumi ya matumizi ya mwezi, ndipo ukae ulichunguze.

Kosa linaloharibu hesabu nyingi kuliko yote ni kuhesabu uhamisho kama matumizi. Tuseme umenunua kitu cha 240,000 kwa kadi ya mkopo mwezi Machi, na Aprili ukalipa 240,000 kutoka benki kwenda kwenye kadi. Ukiandika vyote viwili kama matumizi, ripoti itasema umetumia 480,000. Matumizi ni siku ya kununua, ndani ya akaunti ya kadi, katika fungu linalohusika. Malipo ya Aprili ni uhamisho kutoka akaunti moja yako hadi nyingine yako. Fedha zimebadilisha mfuko tu. Katika HomeBank unaingiza muamala wa aina ya uhamisho na kuchagua akaunti ya pili, yenyewe inaandika pande zote mbili. Ukileta miamala kutoka taarifa za benki na za kadi kwa pamoja, malipo hayo yatatokea mara mbili, mara moja kwa kila taarifa. Yaunganishe yawe uhamisho mmoja, vinginevyo yatabaki kama matumizi upande mmoja na mapato upande wa pili, na ripoti zote mbili zitavimba.

Pesa taslimu zinafuata kanuni hiyo hiyo. Ukitoa 100,000 benki, hujatumia kitu: umehamisha kutoka benki kwenda Pochi. Halafu si lazima uandike kila sarafu. Andika matumizi ya taslimu yaliyo makubwa, kisha mara moja kwa wiki hesabu kilichobaki mfukoni. Programu ikisema Pochi ina 38,000 na mkononi una 31,000, andika 7,000 kwenye Haijulikani na uendelee na maisha. Wanaojilazimisha kuandika kila kitu kidogo hudumu wiki tatu, na nadhani programu zako mbili za simu zilikufa kwa njia hiyo.

Mkopo unahitaji uangalifu kidogo. Tuseme rejesho la mwezi ni 500,000, na kwenye jedwali la marejesho benki inaonyesha riba ni 120,000. Kilichotumika ni 120,000 tu. Ile 380,000 imepunguza deni. Katika HomeBank ingiza miamala miwili: uhamisho wa 380,000 kutoka benki kwenda akaunti ya mkopo, na matumizi ya 120,000 katika fungu la Riba. Riba hupungua kila mwezi kadiri deni linavyopungua, ikiwa mkopo wako unatozwa riba juu ya salio, kwa hiyo usinakili tarakimu za mwezi uliopita bila kutazama jedwali. Hapa ndipo GnuCash inang'ara: rejesho lote ni muamala mmoja wenye mistari mitatu, na ina kisaidizi kinachotengeneza ratiba nzima ya mkopo.

Kuhusu kuleta taarifa za benki, kuna miundo mitatu utakayokutana nayo: OFX, QIF na CSV. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua OFX. Muundo huo, uliotengenezwa na Microsoft, Intuit na CheckFree mwaka 1997, unaupa kila muamala kitambulisho chake, kwa hiyo programu inatambua uliokwisha kuletwa. QIF ni ya zamani zaidi na haina kitambulisho hicho, wala haisemi wazi kama 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi. CSV ni maandishi tu yaliyotenganishwa; kila benki inaipanga inavyotaka, na ndiyo utakayoipata mara nyingi.

HomeBank haikubali CSV ya kila umbo. Inataka safu nane kwa mpangilio huu: tarehe, namna ya malipo kwa namba, namba ya kumbukumbu, mlipwaji, maelezo, kiasi, fungu, na vitambulisho. Kwa kawaida zinatenganishwa kwa nukta mkato. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi:

05-03-2025;0;;Duka la dawa;vidonge;-12500;Afya;

Safu usiyoihitaji iache tupu, lakini nukta mkato zake zibaki. Fungu dogo linaandikwa kwa nukta mbili, mfano Usafiri:Mafuta. Mpangilio wa siku, mwezi na mwaka unachaguliwa kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya kuleta data; uuthibitishe kabla ya kuleta chochote. Dalili ya kwamba umekosea ni miamala yote ya tarehe 1 hadi 12 kutawanyika mwaka mzima huku iliyozidi tarehe 12 ikikataliwa.

Utahitaji lahajedwali kuipanga upya CSV ya benki, na hapo kuna matatizo matatu ya kuyatazamia. La kwanza, lahajedwali hupenda kubadili tarehe na namba wakati wa kufungua faili. Namba ya kumbukumbu yenye tarakimu zaidi ya 15 itapoteza tarakimu za mwisho, na sifuri za mbele zitatoweka. Dawa yake ni kutobofya faili mara mbili. Lifungue kupitia dirisha la kuleta maandishi la Calc na utaje safu hizo kuwa za maandishi. La pili, benki nyingi hutenganisha fedha zilizotoka na zilizoingia katika safu mbili, zote chanya. Unahitaji safu moja: iliyoingia kutoa iliyotoka. Ukifanya fomula mara moja, ihifadhi kama kiolezo na mwezi ujao ubandike tu. La tatu ni mkato wa maelfu. Kiasi kilichoandikwa 12,500 kinaweza kusomwa kuwa kumi na mbili na nusu, kutegemea mipangilio ya lugha ya kompyuta. Ondoa alama zote za maelfu kabla ya kuhifadhi, na hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8.

Leta akaunti moja kwa wakati, anza na mwezi mmoja, kisha tazama salio la mwisho. Likilingana na la benki, endelea. Lisipolingana, futa ulicholeta urekebishe, badala ya kuanza kuhariri mstari mmoja mmoja. Usilete kipindi kinachoingiliana na ulichokwisha leta. HomeBank hujaribu kutambua marudio kwa kutazama tarehe na kiasi, lakini miamala miwili ya kweli yenye kiasi sawa siku moja inaweza kudhaniwa marudio, kwa hiyo orodha inayokuonyesha kabla ya kukubali isome.

Kisha tengeneza kanuni za kugawa mafungu. HomeBank inaita hizi kwa Kiingereza "assignments": unaiambia kwamba maelezo yakiwa na maneno fulani, mlipwaji awe huyu na fungu liwe hili. Kanuni ishirini hivi zitashughulikia sehemu kubwa ya miamala ya nyumba ya kawaida, kwa kuwa tunalipa watu wale wale mwezi hadi mwezi. Andika kipande cha maandishi kisichobadilika, usiweke tarehe wala namba ya risiti iliyo kwenye maelezo ya benki, maana mwezi ujao haitafanana. GnuCash inafanya jambo hili kwa njia nyingine: inajifunza kutokana na mafungu uliyochagua huko nyuma na kubahatisha, na kila ukiisahihisha inakuwa na ujuzi zaidi. Ukiifundisha vibaya mwezi wa kwanza, nayo itakosea kwa uaminifu kabisa.

Sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya kazi yote ni kulinganisha na taarifa ya benki. Mara moja kwa mwezi, kwa kila akaunti, chukua salio la mwisho la benki na uweke alama ya kulinganishwa kwenye kila muamala ulio katika taarifa yao. Salio la kuanzia likijumlishwa na vilivyowekwa alama lazima liwe sawasawa na salio lao, hadi senti ya mwisho. Usikubali tofauti ndogo, kwa kuwa tofauti ya 500 inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana. Tofauti ikigawanyika kwa mbili, tafuta muamala wenye kiasi cha nusu yake: huenda umeuweka chanya badala ya hasi. Ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda umegeuza tarakimu mbili, kama 540 kuwa 450. Ikilingana na kiasi cha muamala mmoja, umeusahau au umeuandika mara mbili. Ni mbinu za makarani wa zamani, na kompyuta haijazifanya zipitwe na wakati.

Muda unaohitajika ni mdogo: dakika 15 kwa wiki kwa kuingiza na kuhesabu Pochi, na kama saa moja mwisho wa mwezi kwa kulinganisha. Panga mmoja wenu awe mwingizaji. Hili linahusu ufundi pia, si mgawanyo wa kazi tu, kwa kuwa HomeBank na GnuCash hazikutengenezwa kwa watu wawili kufungua faili moja kwa wakati mmoja. Mkiliweka kwenye folda inayosawazishwa mtandaoni na wote wawili mkalifungua jioni hiyo hiyo, mtapata mafaili mawili yanayopingana, na hakuna kitufe cha kuyaunganisha. GnuCash angalau huweka faili la kufuli na kukuonya. Onyo hilo usilipuuze. Mwenzako anaweza kuandika matumizi yake kwenye programu ya kawaida ya madokezo ya simu, tarehe, kiasi na neno moja, kisha yakaingizwa mwisho wa wiki.

Kwa gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama bima, tumia bajeti ya HomeBank. Bima ya 600,000 kwa mwaka ni 50,000 kwa mwezi, na bajeti ikionyesha hivyo, mwezi wa kulipia hautawashtua. Lakini bajeti msiipange mwezi wa kwanza. Kusanyeni miezi mitatu ya tarakimu za kweli kwanza. Bajeti ya kubuni huvunjika wiki ya pili na kuwakatisha tamaa.

Usalama wa faili uko mikononi mwako kabisa, na huo ndio upande wa pili wa kutopeleka taarifa kokote. Faili la HomeBank na la GnuCash hayafungwi kwa nenosiri. La GnuCash kwa kawaida hubanwa, ila kubanwa si kufichwa. Washa usimbaji fiche (encryption) wa diski nzima ya kompyuta yako, au liweke ndani ya kasha la VeraCrypt, programu ya bure ya kuficha mafaili kwa nenosiri. Kila mwisho wa mwezi, ukishalinganisha, nakili faili kwenye flashi na mahali pa pili palipo nje ya nyumba, ukiweka mwezi kwenye jina lake: nyumba-2025-03.xhb. Mara moja moja fungua nakala hiyo uone kama inafunguka. Ukitumia GnuCash utaona folda inajaa mafaili yenye tarehe na saa kwenye majina. Hizo ni nakala na kumbukumbu ambazo programu inajiwekea, ambazo kwa kawaida hudumu siku 30. Tatizo hutokea mtu anapofungua moja ya hizo kwa makosa na kuendelea kuandika humo, kisha wiki mbili baadaye anashangaa kazi yake iko wapi. Weka faili la hesabu katika folda yake peke yake, na lifungue kutoka ndani ya programu.

Hamia GnuCash ukiona mojawapo ya haya: mna mikopo zaidi ya mmoja, mna uwekezaji mnaotaka kufuatilia thamani yake, kipato kinaingia kwa sarafu zaidi ya moja, au mmoja wenu ameanza biashara ndogo ambayo hesabu zake zinachanganyika na za nyumba. HomeBank inatoa data kwa QIF, na GnuCash inaisoma. Wakati wa kuhama fanya kama ulivyoanza: tarehe ya kwanza ya mwezi, masalio ya kuanzia yaliyolinganishwa, na mafungu yale yale. Historia ya zamani iache kwenye HomeBank, ambako utaweza kuifungua wakati wowote.